Makopo Manne ya Kunusa

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Mbagala. Harusi, hitima, maulidi, nipigie tu simu. Kazi hii ni ya pua kuliko mkono: kitunguu kikitaka kuungua, harufu hunishtua kabla jicho halijaona. Basi yakaja mafua makali, yakapita, harufu haikurudi. Nikila wali, chumvi naisikia, pilipili inaniwasha, ila utamu wa nazi hakuna. Kumbe ulimi unajua mambo machache tu, kama chumvi, sukari, uchachu na uchungu. Sehemu kubwa ya ladha ni pua.

Majirani wakasema nipige nyungu, yaani nijifukize mvuke, kama mwaka 2020 watu walipojifunika mablanketi wakati wa korona. Nyungu ina raha yake kwa pua iliyoziba. Yangu haikuziba, hewa ilipita vizuri tu. Kilichoumia kiko juu kabisa ndani ya pua, pale mishipa ya fahamu ya kunusa inapoanzia. Virusi vya korona, kwa mfano, hushambulia hasa seli zinazoitunza mishipa hiyo. Bahati nzuri mwili huota mingine, taratibu.

Daktari wa masikio, pua na koo akanipa mazoezi badala ya dawa. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba wagonjwa walionusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni kwa wiki 12, walipata nafuu zaidi kuliko wasionusa. Nikacheka. Wenzetu walitumia harufu za chupani; mimi karafuu ya Pemba ninayo jikoni, limau liko sokoni Rangi Tatu, majani ya mkaratusi naomba kwa jirani, na marashi ya waridi ni yale yale tunayowanyunyizia wageni harusini.

Kila kitu kina kopo lake lenye kifuniko. Unanusa kidogo kidogo kwa sekunde kama 20, si kuvuta kama ugoro, unapumzika, unachukua jingine. Huku ukinusa, unaikumbuka karafuu ilivyokuwa kwenye chai ya futari. Hapo ndipo pagumu: kukumbuka kitu ambacho pua imekataa kukuletea. Wengine huendelea mwaka mzima, na si wote wanaopona.

Harufu ya kwanza kunirudia ilikuwa ya uongo. Kitunguu kikaangoni kilinuka plastiki inayoungua, kahawa ikanuka mtaro. Mimi nikakaribia kulia, daktari akafurahi: mara nyingi ni dalili kwamba mishipa mipya inajiunga, ingawa bado ovyo ovyo. Lakini kama harufu imekupotea bila mafua, au tundu moja la pua limeziba na linatoa damu, achana na makopo, nenda hospitali.

Karafuu sasa naipata. Bizari nyembamba bado, binti yangu ndiye ananinusia. Gesi nayo hutiwa harufu makusudi ili ikivuja tujue, na mimi siisikii. Kwa hiyo kila tukibadilisha mtungi, yeye hupaka povu la sabuni kwenye kiungio cha mpira, na hatuwashi jiko mpaka aseme hakuna kinachobubujika.