Mbabula inapokataa kuwaka

Baridi imefika. Hapa Lubumbashi, kama vile Likasi na Kolwezi, mwezi wa 6 na wa 7 usiku unaweza kushuka chini ya digri 10, na nyumba zetu nyingi hazina kitu cha kuleta joto isipokuwa mbabula. Umeme ukikatika, ndiyo mbabula inayochemsha maji ya kuoga na uji wa asubuhi. Ikikataa kuwaka, mtoto anafika shuleni amechelewa, tumbo tupu. Sisi tunaofundisha tunawaona watoto hao kila asubuhi ya baridi.

Wengi wetu, moto ukikataa, tunapuliza mpaka macho yanatoka machozi, halafu tunaongeza makala, halafu tunatafuta petroli. Tusifanye hivyo. Tufanye kama muuguzi mbele ya mtoto mgonjwa: aulize jambo moja, alitazame, ndipo apite kwa lingine. Moto unahitaji vitu vitatu tu: hewa, kitu cha kuungua, na joto la kuanzia. Kimoja kikikosekana, hauwaki.

Kwanza, hewa. Tazama chini kabla ya kutazama juu. Majivu ya jana yakijaa chini ya wavu, hewa haipiti. Yamwage yote, kisha piga wavu kidogo ili matundu yafunguke. Kipande kilichobanwa kwenye tundu kisukume kwa msumari. Fungua kimlango cha chini na ukielekeze upande upepo unapotoka, lakini upepo ukiwa mkali sana, weka tofali ubavuni ili usiuzime moto ambao bado mchanga. Kama wavu umeliwa na kutu na makala yanaanguka chini, kupuliza hakutasaidia: peleka mbabula kwa fundi wa mabati abadilishe wavu.

Pili, makala yenyewe. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Makala makavu yaliyoiva vizuri yanalia kama kigae. Yenye maji yanatoa sauti nzito, na mkononi yana uzito. Kipande chenye rangi ya kahawia katikati ni mti ambao haukuiva. Kitatoa moshi mwingi kabla ya kutoa joto. Mfuko usikae juu ya simenti wala udongo, kwa sababu unavuta unyevu. Uweke juu ya mbao au tofali. Makala yakilowa, yaanike juani siku nzima. Katika baridi hii jua la mchana linatusaidia, maana ni wakati wa kiangazi.

Tatu, namna ya kupanga. Unga wa makala usiutie chini, kwa sababu unaziba matundu. Tia vipande vidogo kwanza, vikae kwa kuachana, halafu vikubwa juu. Usijaze mbabula mpaka mdomoni kabla ya moto kushika. Moto mdogo hauwezi kubeba mzigo mkubwa.

Nne, kiwashio. Magunzi ya mahindi yaliyokauka, vijiti vyembamba, maganda makavu au karatasi vinatosha. Viweke chini, makala madogo juu yake, na usipulize mpaka uone vipande vitatu au vine vyekundu. Wengine wanawasha kwa sashe za plastiki. Moshi wake una sumu, na mtoto aliye mgongoni ndiye anayeuvuta kwanza. Na esansi, tusiilete kabisa karibu na mbabula: mvuke wake unawaka ghafla, na moto unaweza kuipanda mpaka kwenye chupa iliyo mkononi. Hata petroli ya taa, usiimwage kamwe juu ya makala yaliyokwisha kuwa na moto ndani.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukimwaga majivu na moto ukashika, umejua ugonjwa, na kesho hutapoteza saa nzima.

Sasa moto umewaka, nasi tunafika kwenye jambo kubwa zaidi. Usiku baridi inauma, mtoto anatetemeka, na mama anaona makala mekundu yasiyo na moshi. Anasema moshi umekwisha, hakuna hatari tena, anaingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Wamama, hapo ndipo hatari inapoanza.

Makala mekundu, hata bila moshi wowote, yanatoa hewa yenye sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu, inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa, na mtu analala huku anazidi kudhoofika. Mtoto mchanga, mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni, mzee na mgonjwa wa moyo ndio wanaopata shida haraka.

Kuna wanaosema kwamba ukiweka sufuria ya maji karibu na mbabula, maji yanakunywa sumu. Si kweli. Hewa hiyo haishikwi na maji. Kuacha dirisha wazi kidogo pia hakutoshi kwa watu wanaolala. Sheria ni moja: mbabula hailali chumbani na watu.

Tujue alama zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu, akili kuchanganyikiwa. Kama watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa pamoja, bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, usifikiri malaria kwanza. Fikiri mbabula. Fungua milango yote, toa watu nje, kisha toa moto. Asiyeamka au asiyejibu vizuri apelekwe hospitali mara moja, na mwambie muuguzi kwamba kulikuwa na makala ndani. Usimtie maziwa wala mafuta mdomoni. Mtu asiyejifahamu anaweza kusongwa.

Basi baridi tuifanyie nini? Tuote moto jioni nje, kwenye baraza au katika jiko lililo wazi, pamoja na watoto, huku mtu mzima akiangalia wasianguke motoni. Kabla ya kulala, tia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa yenye kifuniko kizuri, uifunge kwa kitambaa, uiweke kitandani ili kupasha mashuka, na uitoe kabla mtoto mdogo hajalala. Tandika mkeka au katoni chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi inatoka sakafuni. Soksi na kofia zinasaidia pia. Mtoto mchanga, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na kitenge juu yenu, wakati mama yuko macho. Mwili wa mama unampasha joto bila moshi wala sumu.

Makala yaliyobaki usiyaache yaungue bure. Yatie nje katika sufuria kuukuu ya chuma yenye kifuniko, yakose hewa, yazimike. Asubuhi yatashika upesi kuliko mapya, na ndoo ya makala itadumu siku zaidi.

Katika mkutano wa juma hili, kila mmoja amweleze jirani mmoja ambaye hasomi karatasi hii, hasa aliye na mtoto mchanga. Mwambieni mambo mawili: majivu yamwagwe kabla ya kuwasha, na mbabula ibaki nje wakati wa kulala.