Kuhama Kozi: Gharama Iko kwenye Krediti

Anayehama kozi wiki ya pili ya muhula anapoteza vipindi vichache. Anayehama baada ya mwaka huenda akapoteza mwaka mzima, na mwaka wa chuo kikuu una bei inayohesabika.

Tuchukue Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria. Leo kina ndaki na shule kuu kadhaa, nyingine nje kabisa ya kampasi kuu ya Mlimani: wanafunzi wa TEHAMA wako Kijitonyama. Kwa ukubwa huo, kijana aliyegundua kwamba kozi si yake anaweza kupata pa kwenda bila kuacha chuo. Anaweza, ila si popote.

Kwanza yanaangaliwa matokeo ya kidato cha sita. Kwa hesabu za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Aliyepata A ya Historia na A ya Jiografia ana pointi 10, lakini kwa uhandisi hazimsaidii kitu, maana kule wanataka Fizikia na Hisabati. Pili ni nafasi. Kila kozi ina idadi yake ya wanafunzi, na ikishajaa imejaa.

Aliyevuka hapo ndiye anayekutana na hesabu yenyewe. Krediti 1 ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Mwaka una krediti 120, yaani saa 1,200. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360. Uhandisi, wa miaka minne, ni 480.

Mfano ni kijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aliyemaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya sayansi, sasa anataka uhandisi. Masomo ya maendeleo na stadi za mawasiliano huenda yakakubaliwa, pengine na hisabati moja. Tuseme ni krediti 32. Zinazobaki 88 zinaanguka: saa 880, sawa na wiki 22 za kazi ya saa 40. Ripoti za maabara alizokesha akiandika na sapu, yaani mtihani wa marudio, aliyoitoa kwa jasho haziendi naye.

Hata zile 32 hazimpunguzii muda. Masomo ya uhandisi yamefuatana. Ukikosa moja la mwaka wa kwanza, la mwaka wa pili hulisomi. Kwa hiyo anaanza upya mwaka wa kwanza, ratiba ikiwa nyepesi kidogo tu. Alipanga miaka mitatu, sasa atakaa mitano.

Tuje kwenye fedha. Bumu, posho ya chakula na malazi kwa wenye mkopo, ilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Tukiifanya kipimo cha maisha ya chuo, semesta mbili za wiki 17 ni siku 238, sawa na shilingi 2,380,000. Ongeza ada, tuikadirie 1,300,000, na mwaka uliopotea umefika 3,680,000. Wakiwa wanafunzi 100, ni milioni 368.

Fedha hizo zikiwa za mkopo, zitarudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara. Mwenye mshahara wa 700,000 atakatwa 105,000 kwa mwezi, kwa miezi 35 na kidogo, kwa ajili ya mwaka huo mmoja. Zisipokuwa za mkopo, ni za mzazi, na wazazi wengi hawana pa kuzitoa.

Simshauri mtu ang'ang'anie kozi asiyoiweza. Kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa tatu ni hasara kubwa kuliko hii yote. Ninachodai ni kwamba ndaki zitangaze mapema ni masomo gani zinayatambua kutoka kwa wenzao, na kwa krediti ngapi. Nyaraka za masomo hayo wanazo tayari. Mpaka hilo lifanyike, mwanafunzi aende ofisi ya masomo ya ndaki anayoitaka akiwa na matokeo yake, aombe orodha hiyo kwa maandishi, na aipate kabla hajasaini fomu ya kuhama.