Hundi Iliyorudi na Kibanja Kilichouzwa

Hapa kwetu Rubya kibanja si udongo tu. Ni migomba na mibuni, ni nyumba, tena ni makaburi ya wazee. Mtu akiuza kibanja auza kitu kisichorudi kwa urahisi. Kwa hiyo bei yake sharti iwe bei ya kweli.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri la mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba. Mwanamke huyo alirithi shamba la baba yake, akamwuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Jaji alisema ya kuwa mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, na jamaa atakaye kulikomboa shamba sharti amrudishie mnunuzi bei yake. Katika shauri lile bei haikuwa na shaka. Leo twataka kunena habari ya bei yenye shaka, yaani mnunuzi alipapo kwa hundi, na benki ikaikataa.

Tutoe mfano. Mzee mmoja na mkewe wauza kibanja na nyumba kwa shilingi 8,000,000. Mnunuzi awapa arubuni ya shilingi 500,000, na hundi kwa zilizobaki. Mzee atia sahihi hati isemayo, “Nimepokea fedha zote,” kisha atoa funguo. Baada ya siku chache benki yamrudishia hundi yake: akaunti ya mnunuzi haina fedha. Je, kibanja kimekwenda bure? La, hasha.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa hundi si fedha. Ni agizo kwa benki itoe fedha. Kulipa kwa hundi ni kulipa kwa sharti. Benki ikikataa, deni lasimama kama lilivyokuwa. Basi mzee asiichane hundi ile, wala asimrudishie mnunuzi amwambiapo, “Nipe hiyo, nitakuandikia nyingine.” Hati yake yasema amelipwa, hundi pamoja na karatasi ya benki ndizo mashahidi wake wa kuonyesha kwamba hakulipwa. Upesi amwandikie mnunuzi barua, amweleze kuwa hundi imekataliwa, na kumpa siku za kulipa, nakala aiweke. Kadhalika aiarifu halmashauri ya kijiji kwa maandishi, kwa maana mnunuzi mdanganyifu aweza kumwuzia mtu wa tatu asiyejua neno, na hapo shauri huwa gumu zaidi.

Siku zile zikipita bure, njia mbili ziko mbele yake.

Njia ya kwanza ni kudai fedha. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya mwaka 1966, katika Amri ya 35, yaruhusu madai ya hundi kusikilizwa kwa njia ya mkato: mdaiwa hawezi kujitetea mpaka kwanza mahakama impe ruhusa. Mwenye hundi mkononi aanza na nguvu.

Njia ya pili ni kukidai kibanja chenyewe. Kwa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, mwenzako akikataa kabisa kutimiza ahadi yake, waweza kuuvunja mkataba. Hata fidia ya hasara waweza kuidai. Lakini avunjaye hurudisha alichopokea. Mzee atapaswa kuihesabu ile arubuni. Shauri la ardhi huanza kwa usuluhishi katika Baraza la Kata. Lisipopatanisha katika siku 30, shauri laenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mzee achague. Hawezi kupewa bei yote na kibanja pia. Wala asilale: madai ya mkataba yana miaka 6 tu, na ya kurudishiwa ardhi miaka 12.

Wengine hukimbilia polisi kwanza. Ni kweli, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa la jinai, kwa kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Lakini si kila hundi iliyorudi ni wizi. Sharti nia ya kudanganya ithibitike. Tena kumfunga mdeni siko kulipwa deni. Mwenye kutaka mali yake asiiache njia ya madai.

Hata hivyo, kinga ni bora. Nyumba ya mume na mke haiuzwi pasipo ridhaa ya wote wawili. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59. Basi wakae pamoja na kuulizana, “Fedha zimeingia?” Hati iandikwe, “Nimepokea hundi namba fulani. Kibanja kitakabidhiwa fedha zikiisha kuingia katika akaunti.” Bora zaidi ni mnunuzi kuziagiza fedha moja kwa moja kutoka benki yake hadi benki ya mwuzaji. Mashahidi wasishuhudie sahihi tu, wakaacha kuuliza habari ya malipo.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi waalimu, mwombwapo kuwaandikia majirani hati za mauzo, msiandike neno “nimepokea” mpaka fedha zimepokewa kweli. Neno hilo moja laweza kumponza mtu na nyumba yake.