Mwanga wa buluu wawinda bakteria sugu wa begani

BEGA linaweza kuoshwa kwa dawa likaonekana safi, kisha likaingia chumba cha upasuaji likiwa bado na bakteria. Hali hiyo huwaumiza vichwa madaktari wa mifupa, hasa wanapomwekea mgonjwa kiungo bandia.

Bakteria huyo ni Cutibacterium acnes, yule yule anayehusishwa na chunusi. Hujificha ndani ya vinyweleo na tezi za mafuta, ambazo ni nyingi usoni, mgongoni na mabegani. Wanaume huwa naye zaidi ya wanawake. Dawa za kusafishia ngozi huua walio juu, lakini hazifiki vizuri chini. Kisu kinapopasua ngozi hukata na tezi hizo, naye akapata njia ya kuingia kwenye jeraha.

Ubaya wake ni kwamba hana haraka. Mara nyingi haleti homa wala usaha. Bega huuma na kukakamaa tu, pengine miezi au miaka baada ya upasuaji. Maabara huotesha sampuli hadi siku 14 ili kumnasa. Kwa anayeishi kwa kubeba na kupakua mizigo, huo ni mtaji uliolala, na huenda akapasuliwa tena.

Hapo ndipo watafiti walipogeukia mwanga. Bakteria huyu hutengeneza kemikali ziitwazo porfirini. Zikipigwa na mwanga wa buluu wa takriban nanomita 415, huzalisha oksijeni kali inayomuua kutoka ndani. Njia nyingine ni kupaka kwanza dawa inayoongeza porfirini, kisha ngozi ikamulikwa. Kutibu ngozi kwa mwanga si jambo geni: Niels Finsen wa Denmark alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu hivyo kifua kikuu cha ngozi.

Hata hivyo, mwanga huo haujawa tiba ya kawaida kabla ya upasuaji wa bega. Mwanga wa buluu hauzami sana ngozini, na kupunguza bakteria wa ngozi si sawa na kuzuia maambukizi. Njia nyepesi zaidi ni jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya chunusi inayopakwa siku chache kabla ya upasuaji. Tafiti zimeonyesha kuwa hupunguza bakteria hao.

Kwa mfanyabiashara anayekwenda kupasuliwa ng'ambo ya mpaka, yafaa amuulize daktari mapema ngozi ya bega itaandaliwaje. Asijinyoe kwa wembe. Shirika la Afya Duniani lilikataza hilo katika mwongozo wake wa 2016. Akirudi nyumbani, atunze karatasi zote za hospitali, zikiwamo za kiungo bandia, kwani daktari wa upande wa pili atazihitaji. Na bega likianza kuuma tena, asikimbilie antibiotiki za duka la dawa kabla ya kuchukuliwa sampuli. Dawa hizo zinaweza kumficha bakteria, maabara ikasema hakuna kitu.