Kwa Nini Zebaki na Si Dhahabu

Ndugu mmoja wa Katoro, mkoani Geita, ambaye riziki yake ni kufunga nyaya na mota kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, ameniandikia kuuliza jambo lililomkaa rohoni tangu mwaka 2023, zilipoenea habari kutoka Korea Kusini za jiwe lililopewa jina la LK-99, lililodaiwa kupitisha umeme pasipo upotevu wowote katika joto la kawaida, na ambalo baada ya wiki chache maabara za nchi mbalimbali zililipima na kulikanusha. Jiwe hilo lilitengenezwa kwa risasi na shaba. Maadamu dhahabu haishiki kutu, auliza ndugu yetu, na hupitisha umeme vizuri kuliko risasi, kwa nini mabingwa hao hawakuanza na dhahabu?

Swali hili ni bora kuliko alivyodhani mwenyewe, kwa kuwa jawabu lake limo mle mle mwaloni anakofanyia kazi, ndani ya kichupa cha zebaki kinachotumika kuikusanya dhahabu kutoka katika mchanga.

Elektroni ni nini, na volti ni nini, hayo yamo katika vitabu vya shule, nami sitayarudia. Lakini jina la vitu vinavyopitisha umeme pasipo upotevu siwezi kulipita. Nimeona vikiitwa “vipitishi vikuu”, na jina hilo halinitulii, kwa sababu ukuu ni daraja, na kwa daraja dhahabu, fedha na shaba ndizo kuu kati ya metali zote, ilhali hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyopata kuonekana ikiingia katika hali hii. Dhahabu imepozwa hata chini ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi moja juu ya sifuri ya mwisho, isikubali. Nilifikiri “kipitishi kamili”, nikaona kuwa halina mvuto. Tuuite ukinzani wa umeme ushuru, ambao kila waya huutoza na kuugeuza joto, kama ajuavyo yeyote aliyegusa mota iliyofanya kazi kutwa. Basi kitu kisichotoza ushuru hata chembe ni kipitishi huria, na neno huria tumekwisha kulizoea sokoni.

Kipitishi huria cha kwanza kilikuwa zebaki. Tarehe 8 Aprili 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes, aliyekuwa amefaulu miaka mitatu kabla kuigeuza gesi ya heli kuwa kimiminika, alipoza zebaki iliyotiwa katika mirija myembamba ya kioo, na msaidizi wake Gilles Holst akaona kwamba ilipofika nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, ukinzani ulitoweka ghafla. Zebaki aliichagua kwa kuwa huweza kusafishwa sana: huchemshwa, mvuke wake ukapozwa ukarudi kuwa zebaki, na taka zikabaki nyuma. Katika joto la kawaida zebaki huutoza umeme ushuru mara 40 na zaidi kuliko dhahabu. Yawaje basi yule mtoza ushuru mkali awe ndiye wa kwanza kufungua lango?

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, kwa kuwa sijui jambo zuri kuliko hili katika elimu yote ya metali. Nani aliyesafiri Shinyanga wakati wa masika asiyeujua udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata? Gari la ng'ombe likipita juu ya changarawe ngumu, lateleza bila taabu, wala haliachi alama. Likiingia mbugani lazama, ng'ombe wakatweta, lakini nyuma yake limeacha mfuo, na gari la pili, hata likija baada ya la kwanza kwenda zake mbali, huvutwa na mfuo ule kana kwamba mawili hayo yamefungwa kamba. Dhahabu ni changarawe: elektroni zake hupita bila kuzitikisa sana atomu, na ndiyo maana ushuru wake ni mdogo. Zebaki ni mbuga: elektroni huzivuta atomu zikasogea, na kabla hazijarudi mahali pake elektroni ya pili imekwisha kuvutiwa huko. Maadamu kuna joto, mfano wake ni mvua inayopiga bila kukoma na kuifuta mifuo yote, likabaki tope na taabu yake. Joto likiondolewa, mvua imeanuka, mifuo yadumu, na elektroni zaenda mbili mbili, jozi zote kwa hatua moja kama wacheza Bugobogobo wanaoinua majembe pamoja, hata kijiwe kimoja kisiweze kumkwaza mmoja wao peke yake. Udongo ule ule uliokuwa ukizuia ndio unaounganisha, na wepesi ule ule wa dhahabu ndio unaoinyima jozi. Hayo waliyakamilisha John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, Wamarekani, mwaka 1957.

Ushahidi ulikuwa umetangulia, nao ungempendeza kila mtu wa Geita. Mwaka 1950, Emanuel Maxwell huko Washington alitaka zebaki ya uzito mmoja tu, iliyo nyepesi kuliko ile ya kawaida, kusudi aone kama uzito wa atomu una sauti katika jambo hili. Zebaki aliyoipata ilikuwa imetengenezwa kwa dhahabu! Atomu ya dhahabu, ambayo uzito wake ni 197, ikimeza nutroni moja huwa 198, na baada ya siku chache hujigeuza kuwa zebaki. Zebaki hiyo iliyokuwa dhahabu iliingia uhuria mapema kuliko zebaki ya kawaida, kwa takriban sehemu 2 za mia za nyuzi moja, na ikathibitika kwamba atomu zenyewe, kwa kusogea kwao, zimo katika shauri.

Tangu mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller walipoonyesha njia, vimejulikana vipitishi huria vya jamii nyingine, ambamo shaba na oksijeni hupangwa katika matabaka bapa mfano wa mikeka, na kila atomu ya shaba ni sumaku ndogo inayoelekea kinyume cha jirani yake. Elektroni chache zikipunguzwa, mpango wa sumaku huvunjika na uhuria huzuka. Wengi huamini kuwa huko sumaku ndiyo mbuga. Mwaka 1993 mikeka ya namna hiyo iliyochanganywa na zebaki ilifikia uhuria kwenye nyuzi 140 chini ya sifuri, zebaki tena.

Nami ningemwomba ndugu yetu awaambie jamaa zake wa mwaloni, wanaoichoma zebaki peupe juu ya makaa na kuuvuta mvuke wake unaodhuru mishipa ya fahamu na figo, kwamba kile chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba lililoelekezwa majini hufanya kazi ile ile iliyofanywa Leiden: mvuke hupozwa bombani, zebaki ikadondoka safi majini, na dhahabu ikabaki chomboni.