Nyongo: Sabuni Iliyomo Tumboni

Jambo likiharibika husemwa kwamba limetumbukia nyongo. Maana ya usemi huo huielewa kila aliyepata kuchinja mbuzi, awe wa Izigo wilayani Muleba au wa Kariakoo, Dar es Salaam. Mchinjaji akifika kwenye ini hupunguza haraka ya mkono. Hukitenga kile kifuko cha kijani kwa ncha ya kisu, kwani kikipasuka, nyama yote iliyoguswa itakuwa chungu. Kwa hiyo tumezoea kuidhania nyongo vibaya. Wako waionao kuwa sumu tupu, na wako wainywao kwa kuamini kwamba kila kichungu ni dawa.

Ndugu msomaji, kazi yake halisi yaweza kuonekana kwa mfano wa senene. Msimu wao uwadiapo mkoani Kagera, mwezi wa Novemba, hukaangwa na kuliwa kwa furaha, na kwa kuwa wana mafuta mengi, vidole vya mlaji hung'aa. Akinawa kwa maji matupu mafuta hayatoki, maana maji na mafuta hayapatani. Akitumia sabuni, mafuta hukatika vitone vidogo vidogo yakachukuliwa na maji. Tatizo hilo hilo limo tumboni, ambamo chakula husafiri katika majimaji na mafuta hujitenga. Sabuni ya humo ndiyo nyongo.

Ini la mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja ya nyongo kila siku. Sehemu yake huwekwa akiba katika kifuko, na chakula chenye mafuta kiingiapo katika utumbo mwembamba, kifuko hicho hujikamua. Viungo vifanyavyo kazi ya sabuni huitwa asidi za nyongo. Ini huzitengeneza kutokana na lehemu, yaani kolesteroli. Kila molekuli yake ina upande upendao maji na upande upendao mafuta, nayo huyashika yote mawili kwa pamoja. Mtaalamu wa Kijerumani, Heinrich Wieland, alipewa Nishani ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1927 kwa kuzichunguza asidi hizi. Hata hivyo, umbo alilolieleza lilikuwa na kosa, likasahihishwa mwaka 1932.

Mwili hauitupi ovyo sabuni hii. Asidi zikifika mwisho wa utumbo mwembamba, kiasi cha asilimia 95 hufyonzwa na kurudishwa na damu kwenye ini, zikatumwa tena, mara kadhaa kwa siku. Kinachopotea ni kama nusu gramu tu, nalo ini hukijaza. Pasipo nyongo, vitamini A, D, E na K hazifyonzwi inavyopasa, ilhali A ni ya macho na K husaidia damu kuganda. Ndiyo sababu mchicha uliotiwa mafuta kidogo humfaa mtoto kuliko uliochemshwa mtupu.

Wanyama nao wana nyongo, lakini si ya namna moja. Farasi, njiwa na tembo hawana kifuko. Nyongo yao hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Asidi zenyewe hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Huko Asia, nyongo ya baadhi ya samaki wa jamii ya kapu imewaharibu watu figo na hata kuwaua, na kuipika hakuiondoi sumu yake. Kwa upande mwingine, nyongo ya mamba imesingiziwa. Januari 2015, watu 75 walikufa huko Chitima, nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe msibani, na wengi wakasema imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha kwamba sumu ilitokana na bakteria. Basi tusiinywe nyongo kuwa dawa, wala tusiifanye kisingizio cha kila kifo.

Liko jambo moja ambalo kila mzazi yampasa kulijua. Nyongo hubeba pia rangi itokanayo na chembe nyekundu za damu zilizochakaa, na rangi hiyo ndiyo iipayo choo rangi yake. Watoto wachanga wengi huwa na umanjano wa macho katika juma la kwanza, kisha hutoweka. Lakini ukizidi siku 14, mama na atazame nepi. Choo kikiwa cheupe kama chokaa, au cha kijivu kama udongo wa mfinyanzi, na mkojo ukiwa mzito kama chai ya rangi, huenda njia ya nyongo imeziba. Kumwanika mtoto juani hakuzibui njia hiyo.

Katika miaka ya 1950, daktari wa Japani, Morio Kasai, alianzisha upasuaji wa kuuunganisha utumbo na ini ili nyongo ipate pa kupita. Si kila mtoto hupona kabisa, lakini matumaini ni makubwa zaidi afanyiwapo kabla ya kutimiza siku 60. Kwa mama wa Izigo siku hizo ni chache. Kuna zahanati kwanza, kisha hospitali kama Ndolage au Rubya, na hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza, safari ndefu kutoka nyumbani. Juma moja la kungoja kwa jirani mwenye mizizi ni juma lililotolewa katika siku za mtoto.

Kwa hiyo mtoto akiwa bado ana macho ya manjano baada ya siku 14, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na nepi yenye choo chake ichukuliwe pamoja naye ili mganga aione kwa macho yake.