Mara Ngapi kwa Juma?

Kituo cha umeme cha Mwadingusha, kwenye mto Lufira upande wa Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kilianza kazi mwaka 1930, enzi za Wabelgiji. Kilikarabatiwa na SNEL, shirika la umeme la nchi hiyo, pamoja na kampuni ya madini ya Ivanhoe Mines ya Kanada, na mwaka 2021 mitambo yake sita ikawa imerudi kwenye gridi. Mradi wa namna hiyo huishi katika lugha mbili: Kifaransa cha ofisi za Kongo na Kiingereza cha taarifa za wenye mtaji. Kinachotatiza hapo si istilahi nzito za ufundi, maana fundi anazijua. Hatari imo katika vijineno vya kutaja mara ngapi. Kamusi ya Merriam-Webster inalipa "biweekly" maana mbili: mara mbili kwa juma, na mara moja kila majuma mawili. Tuseme mwongozo umeagiza mashine itiwe grisi "biweekly". Kwa mwaka itatiwa mara 104 au mara 26, na kamusi haiamui. Ni heri kuandika idadi na kipindi waziwazi: "twice a week" au "every two weeks".

Aliyesomea Kifaransa ana mtego wake. Kwake "bimensuel" ni mara mbili kwa mwezi na "bimestriel" ni kila miezi miwili; Kiingereza kimelibebesha neno "bimonthly" maana zote mbili. Tena Mfaransa husema "tous les quinze jours" akimaanisha majuma mawili, lakini anayeandika "every fifteen days" ameagiza ukaguzi mara 24 kwa mwaka badala ya 26, na ukaguzi ulioanza Jumatatu hautarudi tena Jumatatu. Kiswahili nacho hakijasalimika. "Kila baada ya siku mbili" ikigeuzwa "after every two days", msomaji hajui kama kazi ya Jumatatu inarudiwa Jumatano au Alhamisi. Kama ni Jumatano, "every other day" inatosha.

Wapo watakaosema muktadha unafafanua, na wenye lugha huelewana. Huelewana wakiwa pamoja, mmoja akiweza kumuuliza mwenzake. Maandishi husomwa mwandishi akiwa mbali. Mwaka 2004 Joint Commission, taasisi inayoidhinisha hospitali za Marekani, iliweka "Q.D." na "Q.O.D." kwenye orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku, kwa sababu moja ilisomwa kama nyingine: dawa ya kila siku na ile ya siku moja kupita moja. Wakosaji walikuwa wataalamu, wengi wao wamezaliwa ndani ya Kiingereza. Wengine watalalamika kwamba maneno yanaongezeka. Yanaongezeka mawili matatu, na sioni hasara. Katika barua au hadithi, "often" na "sometimes" zibaki zilivyo, kwani hakuna anayehesabu. Katika agizo la kazi, neno la kuogopa zaidi ni "regularly", ingawa linasikika la heshima: ukaguzi wa mara moja kila miaka kumi nao ni "regular", almuradi hauruki zamu.